Chakula Kinavyofika Mjini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wanapoanza kuzungumzia chakula cha mijini. Yameanzia kwenye mepesi na kuishia kwenye yenye utata. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mtandao wa ugavi wa chakula ni nini hasa?

Ni njia zote ambazo chakula hupitia tangu kinapotoka shambani, majini au machungani hadi kumfikia mtu wa mjini, pamoja na watu, vyombo, fedha na taarifa zinazokisukuma. Ndani yake wamo mkulima na mvuvi, mkusanyaji anayezunguka vijijini, mwenye lori, mwenye ghala, kinu, kiwanda, soko la jumla, duka la rejareja, mchuuzi wa barabarani, na jiko la hoteli au la shule.

Wengi huuchora kama mstari mmoja ulionyooka kutoka shambani hadi kwenye sahani. Mchoro huo unapotosha. Mfanyabiashara mmoja hununua kwa wakulima mia na kuuza kwa wateja hamsini. Gunia moja la mahindi laweza kuishia kwenye unga, kwenye chakula cha kuku au kwenye kiwanda cha wanga, kutegemea bei ya wiki hiyo. Njia zikiwa nyingi, moja ikiziba chakula hupenya kwingine. Zikiwa chache, jiji hulia mapema. Karibu kila jibu lililo hapa chini linazunguka jambo hilo moja: njia hii ikiziba, ipo nyingine?

2. Jiji huwa na akiba ya chakula cha siku ngapi?

Inategemea ni chakula gani. Nafaka kavu hukaa miezi kadhaa katika maghala ya bandarini, vinuni na kwa wafanyabiashara. Mboga za majani, samaki wabichi na maziwa ni vitu vya siku chache, hata pale penye majokofu. Duka kubwa la kisasa huweka akiba ndogo sana nyuma ya rafu zake, kwa kuwa eneo la mjini ni ghali: kompyuta huhesabu kilichouzwa leo, na lori hukileta usiku au kesho yake.

Mpango huo hufanya kazi vizuri mpaka lori lisipokuja. Septemba 2000, waandamanaji nchini Uingereza walizuia malori ya mafuta kutoka kwenye vituo vya kusafishia na kusambazia mafuta kwa kupinga kodi. Chakula kilikuwepo, barabara zilikuwepo, lakini ndani ya siku chache baadhi ya maduka yalianza kuwapimia wateja mkate na maziwa.

Ghala linalosahaulika katika hesabu hizi ni kabati la nyumbani. Familia yenye kipato cha kutosha huwa na unga, mchele na mafuta ya wiki kadhaa bila kujijua. Familia inayonunua kwa kipimo kidogo kila jioni haina akiba yoyote, na ndiyo inayoumia siku ya kwanza kabisa.

3. Kwa nini jiji lisijilimie chakula chake lenyewe?

Ardhi haitoshi. Tupige hesabu ya haraka. Mtu mmoja akila kilo 200 za nafaka kwa mwaka, jiji la watu milioni 5 linahitaji tani milioni 1. Ngano hutoa wastani wa takriban tani 3.5 kwa hekta duniani, kwa hiyo zinahitajika kama hekta 285,000, yaani zaidi ya kilomita za mraba 2,800. Hapo hatujagusa mafuta, maharage, nyama, matunda wala malisho ya mifugo.

Mboga ni habari nyingine. Zina maji mengi, zinaharibika haraka, na hutoa mavuno mengi katika eneo dogo, hivyo kulima karibu na walaji kunalipa. Johann Heinrich von Thünen, mkulima na mchumi wa Ujerumani, aliligundua hilo mwaka 1826: alionyesha kwamba mazao hujipanga kwa duara kuuzunguka mji, mboga na maziwa karibu, nafaka mbali zaidi, mifugo ya kuchungwa mbali kabisa. Majokofu na barabara vimeyavuruga maduara hayo bila kuyafuta.

Cuba ndiyo mfano unaotajwa sana. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 na mafuta na mbolea kukatika, wakazi wa Havana walilima katika viwanja vitupu na kupata mboga nyingi. Hata hivyo nchi hiyo iliendelea kuagiza nafaka na vyakula vingine vingi kutoka nje. Bustani za mjini zinaongeza njia mpya, lakini haziondoi haja ya zile za zamani.

## Masoko na watu wa katikati

4. Soko la jumla lina kazi gani ikiwa maduka makubwa yanaweza kununua moja kwa moja kwa wakulima?

Atakaye kulijua jiji aamke saa nane usiku aende soko la jumla. Huko mzigo wa wilaya nzima hushushwa, hupangwa kwa madaraja na kugawanywa kabla jua halijachomoza. Kazi yake ya kwanza ni kukata mizigo mikubwa kuwa midogo: lori zima la vitunguu linakuwa magunia, na magunia yanakuwa mafungu ya wachuuzi.

Kazi ya pili haionekani kwa macho, nayo ni kutafuta bei. Wauzaji wengi wakikutana mahali pamoja, kila mtu huona kama mzigo umejaa au umepungua, na bei hujipanga kufuatana na hali hiyo. Duka kubwa linalonunua kwa mkataba huko vijijini mara nyingi huitazama bei ya soko hilo hilo ndipo lijue lilipe kiasi gani. Na wachuuzi, migahawa midogo na maduka ya mitaani hawana pengine pa kununua.

Masoko haya huhamishwa jiji linapokua. Paris ililitoa soko lake la Les Halles katikati ya mji na kulipeleka Rungis mwaka 1969, kwenye eneo lililofikia hekta 234. Tokyo ililihamisha soko la samaki la Tsukiji kwenda Toyosu Oktoba 2018. Anayehamisha soko huzungumzia foleni na usafi. Mchuuzi anayekuja kwa miguu huuliza nauli. Maswali yote mawili ni halali, ila la pili ndilo husahaulika kwenye ramani.

5. Madalali wakiondolewa, bei haitashuka?

Mara nyingi haishuki, na wakati mwingine hupanda. Kazi ya dalali haiondoki naye. Lazima mtu akusanye mzigo wa wakulima wadogo wadogo, auchambue, amlipe mkulima leo ilhali yeye atalipwa wiki ijayo, akodishe lori, na abebe hasara nyanya zikioza njiani. Programu nyingi za simu zilizoahidi kumuunganisha mkulima na mlaji moja kwa moja zimeishia kukodi maghala, kuajiri wakusanyaji na kukata kamisheni. Kwa maneno mengine, zimegeuka madalali.

Ubaya huanza pale dalali anapokuwa mmoja tu. Kijiji chenye barabara mbovu hufikiwa na lori moja, na mwenye lori hilo ndiye hupanga bei. Soko ambalo vizimba vyake vinashikwa na kundi dogo huweza kuwafungia wageni nje. Kwa hiyo kipimo chetu si idadi ya watu waliopo katikati. Tunauliza kama mkulima ana mnunuzi wa pili wa kumwendea akikataa bei ya wa kwanza. Kutengeneza barabara na kutangaza bei za masoko hadharani humsaidia kuliko kumfukuza dalali kwa amri.

6. Mbona bei ya shambani na ya mjini zinatofautiana sana?

Sehemu ya jibu iko swali la 5 na nyingine swali la 8. Ongeza usafiri, ushuru wa njiani, pango la duka, vifungashio na umeme.

Kuna jambo moja la kuangalia. Bei ya ngano ikipanda maradufu, mkate wa duka kubwa katika nchi tajiri hupanda kidogo tu, kwa kuwa ngano ni sehemu ndogo ya gharama ya mkate huo. Kilichobaki ni mishahara, mashine na matangazo. Pale ambapo watu hununua nafaka yenyewe na kuipika nyumbani, bei ya soko la dunia hutua mezani karibu nzima. Ndiyo maana mtikisiko ule ule huwa habari ya gazetini katika jiji moja na maandamano katika jiji jingine.

7. Mnyororo baridi ni nini?

Ni utaratibu wa kukiweka chakula kwenye baridi bila kukatisha, kuanzia kinapovunwa, kuchinjwa au kuvuliwa hadi kwa mnunuzi: chumba cha baridi, lori lenye jokofu, kontena lenye jokofu, friji ya duka. Mkazo uko kwenye kutokatisha. Saa chache za jua bandarini huharibu kazi ya wiki mbili baharini, na kukirudisha chakula kwenye baridi baadaye hakurudishi ubora.

Safari iliyobadilisha mambo ilikuwa ya meli Dunedin, iliyoondoka New Zealand Februari 1882 ikiwa na mizoga iliyogandishwa karibu 5,000, mingi ya kondoo, na kufika London Mei mwaka huo. Tangu hapo nyama ya upande wa pili wa dunia ikawa chakula cha kawaida cha mfanyakazi wa mjini Uingereza.

8. Chakula kinapotea wapi?

Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), takriban asilimia 13 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja: fangasi, panya, wadudu, michubuko, joto. Kisha huja kile kinachotupwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 maduka, migahawa na majumbani walitupa tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani.

Dawa zake hazifanani. Upotevu wa kijijini hutibiwa kwa kukausha nafaka vizuri, mifuko isiyopitisha hewa, kreti badala ya viroba na barabara inayopitika. Wa mjini hutibiwa kwa kubadili namna ya kununua na kupika, na hilo ni gumu zaidi, maana hakuna fundi wa kulifanya.

## Miji ya zamani iliishije?

9. Kabla ya injini, miji mikubwa ilikula nini?

Ilikula kilichokuja kwa maji. Mnyama wa kubeba mzigo naye hula njiani, na safari ikirefuka gharama humeza thamani ya nafaka. Chombo cha majini hubeba mzigo mkubwa kwa nguvu ndogo.

Roma ya kale, inayokadiriwa kuwa na watu wapatao milioni moja, ililishwa na ngano ya Misri, Afrika Kaskazini na Sicilia. Kuanzia sheria ya Gaius Gracchus ya mwaka 123 kabla ya Kristo, dola iliwauzia raia nafaka kwa bei nafuu, na baadaye ikawagawia bure. Mafuta ya zeituni yalikuja kwa mitungi, mingi yake kutoka kusini mwa Hispania. Mitungi iliyokwisha kazi ilivunjwa na kurundikwa hadi ikawa kilima, Monte Testaccio, chenye kimo cha kama mita 35. Kipo hadi leo.

China ilichimba Mfereji Mkuu, ambao kati ya Beijing na Hangzhou una urefu wa takriban kilomita 1,800, na kwa karne nyingi mashua zilipandisha mchele wa kusini kwenda mji mkuu. Tenochtitlan, mji wa Waazteki katika Mexico ya leo, haukuwa na magari ya magurudumu wala wanyama wa mizigo; mitumbwi ilivuka ziwa kuleta mazao, mengine yakitoka kwenye bustani zilizojengwa juu ya maji yenyewe.

Utegemezi huo ulikuwa na bei yake. Constantinople (leo Istanbul) ilikula ngano ya Misri, na Waajemi walipoivamia Misri mwanzoni mwa karne ya 7, mgao wa mkate wa bure ulifutwa mwaka 618 na mji ukaanza kupungua watu.

10. Nini kilivunja ule mpaka wa maji?

Kwanza maji zaidi: Mfereji wa Erie, uliofunguliwa 1825, ulishusha gharama ya kusafirisha mzigo kati ya Maziwa Makuu ya Marekani na New York kwa takriban asilimia 90. Kisha reli, meli za mvuke na majokofu (swali la 7). Mwisho kontena: Aprili 26, 1956 meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Kilichopungua zaidi hapo ni muda wa kupakia na kupakua, pamoja na wizi wa bandarini.

## Mtandao unapokatika

11. Vita ikizuka mbali, kwa nini bei ya mkate inapanda kwenye jiji lisilohusika?

Kwa sababu ngano inayouzwa nje hutoka nchi chache na hupita milango michache ya bahari. Kabla ya Februari 2022, Urusi na Ukraine zilitoa pamoja zaidi ya robo ya ngano yote iliyouzwa katika soko la kimataifa. Bandari za Ukraine zilipofungwa, wanunuzi wote walikimbilia kwa wauzaji waliobaki, na mwezi Machi kipimo cha bei za chakula cha FAO kilivunja rekodi. Makubaliano yaliyosainiwa Istanbul Julai 22, 2022 yalifungua njia ya Bahari Nyeusi. Karibu tani milioni 33 zilipita kabla hayajavunjika Julai 2023.

Hofu ya serikali huongeza moto. Nchi moja ikizuia mauzo ya nje ili kuwalinda watu wake, bei hupanda, nyingine huiga, na upungufu mdogo unakuwa mkubwa. Urusi ilifanya hivyo kwa ngano Agosti 2010, India kwa mchele mweupe Julai 2023. Kila moja ilikuwa na sababu yake ya ndani, na gharama ilibebwa na miji ya nchi nyingine.

Singapore huagiza zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake na ina ardhi ndogo sana ya kulima, hivyo imechagua kutawanya hatari: hununua kutoka nchi na maeneo zaidi ya 170.

12. Jiji likizingirwa kabisa linaweza kulishwa?

Historia ina majibu mawili. Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi) ilizingirwa Septemba 1941, na mwezi huo huo maghala ya chakula ya Badayev yaliungua kwa mabomu. Kati ya Novemba na Desemba mgao wa watoto na wategemezi ulishuka hadi gramu 125 za mkate kwa siku. Njia iliyobaki ilikuwa Ziwa Ladoga: malori yalipita juu ya barafu. Mamia ya maelfu ya watu walikufa kabla mzingiro haujaondolewa Januari 1944.

Berlin Magharibi, yenye watu kama milioni mbili, ilifungiwa njia za nchi kavu na za maji Juni 1948 hadi Mei 1949, ikalishwa kwa ndege. Zilibebwa takriban tani milioni 2.3, na theluthi mbili zilikuwa makaa ya mawe, maana unga bila moto haulishi mtu. Waliokuwa wakipanga safari walibeba unga badala ya mkate, na viazi vilivyokaushwa badala ya vibichi, wasirushe maji angani. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu mataifa tajiri yalikuwa tayari kulipa. Usiichukue kama mfano wa kawaida.

13. Njaa hutokea kwa sababu chakula kimekwisha?

Si lazima. Mchumi Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alichunguza njaa ya 1943 ya Bengal, katika India ya kikoloni, iliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu, akasema kuwa chakula kilichokuwepo hakikupungua kiasi cha kueleza vifo hivyo. Bei zilipanda kwa sababu ya vita, na vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo hawakuweza tena kununua. Wafanyakazi wa Calcutta katika sekta zilizohesabiwa kuwa muhimu kwa vita walipata mchele wa bei nafuu. Wanavijiji walikuja kufia barabarani katika jiji lililokuwa na chakula.

Hapo mtandao haukukatika. Ulifanya kazi yake ya kawaida, yaani kupeleka chakula penye fedha. Kila linapotolewa pendekezo la kuliimarisha jiji, inafaa kuuliza litakivuta chakula kutoka kwa nani.

14. Ilikuwaje mwaka 2020 rafu ziwe tupu huku wakulima wakimwaga maziwa?

Njia zilikuwa mbili na hazikuungana. Nchini Marekani, sehemu kubwa ya maziwa na mayai ilikuwa ikienda mashuleni na migahawani, katika vifungashio vikubwa vya jikoni. Virusi vya korona vilipofunga sehemu hizo, walaji walihamia madukani kwa siku moja, lakini kiwanda cha kujaza pakiti kubwa hakiwezi kuanza kujaza chupa za lita moja wiki hiyo hiyo. Vifungashio na mashine ndivyo vilivyokosekana.

15. Mifumo ya kompyuta ikizimika?

Julai 2021 msururu mmoja wa maduka nchini Sweden ulifunga takriban maduka 800 kwa sababu shambulio la mtandaoni lilizima mashine za malipo. Bidhaa zilikuwa zimejaa rafuni. Mchuuzi anayepokea fedha taslimu na kukopesha kwa daftari hana tatizo hilo. Tusimtukuze kupita kiasi, kwani mabomba ya maji na mizani yake nayo yana maswali, lakini jiji linalowafukuza wachuuzi wote linajifungia mlango mmoja wa dharura.

## Maswali ya pembeni

16. Kula chakula cha karibu kunapunguza madhara kwa hali ya hewa?

Kidogo, tena si siku zote. Kwa makadirio mengi, usafirishaji ni chini ya asilimia 10 ya gesi zinazopasha dunia joto zinazotokana na mfumo wa chakula. Sehemu kubwa hutoka shambani, kwenye mifugo na kwenye ukataji wa misitu. Aina ya chakula ina uzito kuliko umbali. Kinachosafirishwa kwa ndege ndicho cha kuepuka, ingawa ni sehemu ndogo sana ya mizigo yote. Sababu nzuri zaidi ya kununua karibu ni ile ya swali la 1: kuwa na njia ya ziada.

17. Halmashauri ya jiji inaweza kufanya nini, wakati mashamba na bandari haviko chini yake?

Ina madaraka juu ya masoko, leseni, barabara za mitaa, ardhi na milo ya shule, na hayo si machache. Belo Horizonte nchini Brazil iliunda idara ya chakula mwaka 1993: migahawa ya umma ya bei nafuu, na viwanja vizuri vya biashara kwa wauzaji wanaokubali kuuza baadhi ya bidhaa kwa bei iliyopangwa. Toronto iliunda baraza la sera ya chakula mwaka 1991. Oktoba 2015 miji zaidi ya 100 ilisaini mkataba wa chakula huko Milan. Kusaini ni rahisi. Anayetaka kupima jiji lake aanze na mifereji ya maji machafu ya soko la jumla.

18. Virutubisho vinavyoingia mjini vinarudi shambani?

Zamani vilirudi. Edo, ambayo sasa ni Tokyo, iliuza kinyesi cha wakazi wake kwa wakulima wa jirani, na wenye nyumba waligombea mapato hayo. Mabomba ya majitaka yalipunguza kipindupindu, na yakaukata mzunguko huo. Nafasi yake ilijazwa na mbolea ya kiwandani, baada ya kiwanda cha Oppau nchini Ujerumani kuanza mwaka 1913 kutengeneza amonia kwa kutumia nitrojeni ya hewani.

Fosforasi haipatikani hewani. Huchimbwa, na sehemu kubwa ya akiba inayojulikana duniani iko Moroko na Sahara Magharibi, kwa hiyo hata mbolea ina mlango wake mwembamba. Kuipata tena kutoka kwenye tope la majitaka kunawezekana, ila metali nzito na mabaki ya dawa huzuia kulimwaga tope hilo shambani hivi hivi. Ujerumani ilitoa kanuni mwaka 2017 zinazoitaka mitambo mikubwa ya majitaka ianze kuichuja fosforasi kuanzia 2029.